Bamvua na maji mafu: namna ya kutembea na kula Kusini Unguja

Mgeni anayefika Paje au Jambiani kwa mara ya kwanza huwa na mshangao wake. Jioni alipoteremsha mabegi, maji yalikuwa karibu yaguse ukuta. Kesho yake saa nne asubuhi anatoka na taulo begani na bahari haipo: kuna mchanga, majani, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka mwambani, kilomita moja na zaidi kutoka alipo. Anaketi kusubiri, anakasirika, anadhani amedanganywa na picha.

Hakudanganywa. Amekuja siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bila kujua, na hizo ndizo siku nzuri kuliko zote kwa mambo fulani, na mbaya kwa mengine. Watu wengi hupanga safari ya Unguja kwa kuangalia likizo na bei ya chumba. Tunashauri uanze na mwezi. Ukijua mwezi uko wapi, utajua saa ya kutembea, saa ya kuogelea, siku ya kula pweza na siku ya kupanda ngalawa.

Kusoma maji

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kilele chake huwa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Mwezi unapokuwa nusu, kama tarehe 7 au 8 na 21 au 22 za mwezi wa Kiislamu, huwa maji mafu: bahari hupanda na kushuka kidogo tu, kama mita moja hivi.

La kukariri ni hili. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Kutoka hapo unahesabu mwenyewe kwa kuongeza dakika 50 kila siku. Kwa saa kamili tazama jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Zanzibar, au muulize mvuvi yeyote; atakujibu bila kutazama popote.

Kwenda mwambani kwa miguu

Hii ni kazi ya bamvua, asubuhi. Maji yakiwa yanapwa saa nne na nusu, ondoka ufukweni saa mbili na nusu, uyafuate maji yanavyotoka. Utafika karibu na mwamba wakati bado yanashuka, na utakuwa na muda wa kutazama madimbwi: nyota za bahari, majongoo bahari, samaki wadogo wa rangi, kaa waliojificha chini ya mawe. Jiwe ukiliinua lirudishe kama lilivyokuwa, maana vilivyo chini yake hufa kwa jua.

Saa nne na nusu ikifika, geuka. Wengi hukosea hapa, kwa sababu wanaona maji yametulia na hayana dalili ya kurudi. Maji hayajai kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kama sehemu moja kati ya kumi na mbili ya tofauti yote; saa ya pili sehemu mbili; saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja. Kwa bamvua la mita 4, saa ya kwanza ni kama sentimita 33, ya pili kama 67, na ya tatu mita nzima. Kwa hiyo mtu hudhani ana muda, kisha ghafla hana.

Hatari ya pili haionekani ukiwa mbali. Sehemu iliyo karibu na mwamba mara nyingi imeinuka kuliko njia za maji zilizo katikati. Bahari huingia kwanza kwenye mlango wa mwamba na kujaza zile njia nyuma yako, huku wewe bado umesimama pakavu. Ukirudi unakuta mkondo wa kifuani unaovuta. Ndiyo maana tunasisitiza kwenda na mwenyeji, hata kama unaogelea vizuri. Watoto wa chini ya miaka kumi wasipelekwe mwambani kabisa. Madimbwi ya nusu njia yanawatosha.

Viatu ni lazima, vyenye soli ngumu na vinavyofungwa mguuni. Kandambili huvutwa na tope na kukuacha peku mahali pabaya. Wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano wamejaa kwenye mawe, na mwiba wao hukatikia ndani ya ngozi. Usiuchimbue kwa sindano: toa unaoonekana, loweka mguu katika maji ya moto, paka siki, vipande vidogo vitayeyuka au kutoka vyenyewe kwa siku kadhaa. Penye mchanga na majani buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyelala mchangani apate kukimbia. Ukichomwa na taa, au na yule samaki anayefanana na jiwe, maumivu ni makali mno. Tia mguu katika maji ya moto ya kuvumilika, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku ukienda hospitali. Maji hayo ayapime mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kutambua kama anaungua.

Njiani utapita mashamba ya mwani: vijiti vimesimikwa kwa mistari, kamba zimefungwa kati yake, na mwani umening'inizwa kwa vikamba vidogo vinavyoitwa taitai. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Kamba moja ukiikanyaga ikikatika, mwani wa wiki kadhaa unachukuliwa na maji. Zunguka shamba lote, hata kama njia inakuwa ndefu. Na kabla ya kupiga picha, toa salamu na omba ruhusa. Wale wako kazini.

Siku za pweza

Pweza hukaa katika mashimo ya mwamba, na mwamba huonekana vizuri siku za bamvua. Basi siku hizo ndizo wachokoaji, wanaume kwa wanawake, hutoka na vijiti vyao, na saa sita mchana pweza wabichi wako kijijini. Siku za maji mafu pweza wa kuchokoa huwa adimu. Wanaopatikana ni wa wazamiaji, au waliotoka kwenye barafu. Mkahawa ukikuuzia «pweza wa leo» siku ya maji mafu, uliza amevuliwa vipi.

Usinunue pweza wa chini ya nusu kilo. Pweza hukua upesi sana, na kumwacha miezi miwili mitatu tu ni kumpata mkubwa mara kadhaa. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu kwa sababu hiyo, na siku ya kufungua huwa kama sherehe. Ukiambiwa mwamba umefungwa, usimbembeleze mtu akupeleke.

Kama nyumba uliyopanga ina jiko, mpike mwenyewe. Kwa pweza wa kilo moja na nusu, geuza kichwa ndani nje, toa matumbo na kifuko cha wino bila kukipasua, kata macho, na sukuma mdomo mgumu ulio katikati ya mikono utoke. Mpige juu ya jiwe safi au sakafu ya saruji mpaka atoe povu na mikono ianze kujikunja. Mapigo arobaini hamsini hayamdhuru. Mwoshe. Mtie sufuriani bila maji na bila chumvi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau, na ataiva humo kwa dakika 45 hadi saa nzima. Chumvi subiri hadi mwisho, kwani pweza ana chumvi ya bahari tayari na mapishi mengi huharibikia hapa. Ukimchoma kwa uma kwenye sehemu nene ya mkono na uma ukaingia bila kusukumwa, ameiva. Kama bado anavutana kama mpira, mwache aendelee. Hakuna njia ya mkato.

Wakati huo chukua nazi moja kubwa. Ikune kwa mbuzi, tia kikombe kimoja cha maji vuguvugu, ikamue: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Ongeza vikombe viwili vya maji, kamua tena upate tui jepesi. Kaanga kitunguu maji kimoja, tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari ya mchuzi, nusu kijiko cha manjano, kisha tungule mbili zilizosagwa. Zikishaiva na mafuta kuelea, tia tui jepesi na pweza uliyemkata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Yakichemka na kupungua nusu, tia tui zito na koroga bila kuacha, moto mdogo. Tui likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika: mafuta yanaelea juu, maji yanabaki chini, na mchuzi unakuwa na machenga. Mwisho tia ndimu, ukishaipua. Ule na wali mweupe au muhogo wa kuchemsha. Wali wa nazi pamoja na pweza wa nazi huwa ni tui juu ya tui, ingawa wapo watakaobishana nasi.

Samaki wa kununua, na wa kuogopa

Ngalawa na boti zinaporudi samaki huuzwa kwa mnada papo hapo ufukweni. Simama, sikiliza bei mbili tatu zipite kabla hujafungua mdomo. Kwa mtu asiye mzoefu ni rahisi zaidi kumwomba mchuuzi akuuzie fungu baada ya mnada. Tazama macho: yawe angavu na yaliyotuna. Fungua mashavu: ndani pawe pekundu, pasiwe pa kahawia. Bonyeza nyama: irudi.

Changu na tasi ni wa kuchoma au kupaka. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, inayouma hata akishakufa, basi mwache muuzaji amsafishe. Nguru na kolekole ni wa vipande, kwa mchuzi. Jodari ni mtamu sana akiwa mbichi wa siku hiyo, lakini yeye, vibua na dagaa wana tabia moja ya kuijua: wakikaa juani saa chache bila barafu hujenga kitu kinachomfanya mlaji awashwe, uso uwe mwekundu, kichwa kigonge na moyo uende mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Kupika hakukiondoi. Ukihisi nyama inachoma ulimi kama pilipili na hukutia pilipili, acha kula hapo hapo.

Viko viwili vya kukataa kabisa, hata ukikaribishwa kwa upendo. Kimoja ni bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. Cha pili ni kasa. Kasa analindwa na sheria, na nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoisha kwa moto wala ndimu. Machi 2024 katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Watoto ndio huathirika zaidi. Hakuna adabu ya ugeni inayokulazimisha kuonja.

Siku za maji mafu

Maji yakiwa mafu, bahari iko karibu asubuhi, haiendi mbali mchana, na mikondo imepungua nguvu. Hizi ni siku za kuogelea, za kufundisha watoto, na za kuzamia kwa miwani kutazama matumbawe, kwa sababu maji huwa maangavu zaidi.

Ni siku za ngalawa pia. Kabla ya kupanda tazama mambo manne: majaketi ya kuokolea yawepo na yakutoshe, kamba zinazofunga matengo (mbao za pembeni) kwenye mirengu (miti inayokatiza chombo) ziwe imara, kuwe na chombo cha kukumba maji, na nahodha awe na simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Patana bei kabla, na ukubaliane pia saa ya kurudi. Kwenda na upepo ni starehe. Kurudi kwa kubisha, yaani dhidi ya upepo, kunaweza kuchukua mara mbili ya muda ule, na utaloa. Kaa alipokuelekeza nahodha, na ukiambiwa uhame upande, hama upesi bila kusimama wima.

Upepo nao una misimu yake. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia kama Juni hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari au Machi. Hiyo ndiyo misimu ya wale wanaoteleza juu ya maji kwa tiara pale Paje. Kama unataka kujifunza, chagua wiki ambayo saa za masomo zinaangukia maji ya kiunoni. Kwenye kupwa kwa bamvua hakuna kina cha kutosha, na ukianguka unaangukia mchanga mgumu. Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa safari hizi.

Kizimkazi watu huenda kwa pomboo. Toka alfajiri, kabla ya upepo kupanda na kabla ya boti kuwa nyingi. Mwambie nahodha mapema kwamba hutaki awakate pomboo kwa mbele wala kuwafukuza. Aende sambamba nao, apunguze mashine, na wewe usiwarukie. Wakianza kuzama na kubadili njia mara kwa mara, wamechoshwa, waacheni. Ukirudi pita Kizimkazi Dimbani uone msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni msikiti unaosaliwa hadi leo, kwa hiyo vaa nguo ya heshima na usubiri mwenyeji akukaribishe.

Msitu wa Jozani uko njiani kati ya mji na Paje. Kima punju hawaogopi watu, na hiyo ni sababu ya wewe kuwa mwangalifu: kaa umbali wa mita tatu, usiwape chochote, usipige picha ukiwa umewageuzia mgongo karibu. Ukibahatika utawaona wakila makaa, kwa sababu majani ya mikungu na miembe wanayoyapenda yana vitu vinavyosumbua tumbo, na makaa huvipunguza. Njia ya mbao ya kwenye mikoko ina sura mbili. Maji yakijaa unatembea juu ya bahari yenye samaki wadogo; yakipwa unaona mizizi na kaa. Bamvua likiwa limejaa jioni, hapo ndipo penye uzuri wake.

Baiskeli kati ya Paje na Jambiani, kama kilomita 7 ufukweni, inataka maji yapwe. Fuata mchanga wenye unyevu, ulio mgumu, na punguza upepo wa tairi kidogo. Ukiona tairi zinazama umepanda juu mno. Ukirudi mwagia mnyororo maji baridi yasiyo na chumvi na upake mafuta siku hiyo hiyo, la sivyo kesho utakuwa mwekundu kwa kutu.

Kula mitaani na majumbani

Asubuhi ya kwenda baharini kula vitu vikavu na vyepesi: chapati, muhogo wa kuchemsha, vitumbua, chai ya tangawizi. Mikate ya nazi na supu nzito ziache mpaka urudi. Beba maji lita mbili hadi tatu kwa mtu. Visima vingi vya pwani hii vina chumvi, na dafu moja halitoshi mchana kutwa.

Urojo ni wa jioni. Mzuri una uchachu wa embe mbichi au ukwaju, unga umeiva, na bajia hazijalowana. Ukitaka kujaribu nyumbani kwa watu wanne: vuruga vijiko vinne vya kulia vya unga wa ngano katika kikombe cha maji ya baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka yenye kijiko cha chai cha manjano, chumvi na embe mbichi moja iliyokatwakatwa. Koroga mpaka yachemke tena, kisha acha moto mdogo dakika 20; ukiipua mapema utasikia ladha ya unga. Tia mbatata za kuchemsha. Bajia, kachori, mishkaki, yai, vibanzi vya muhogo na chatne ya nazi hutiwa kwenye bakuli la mlaji dakika ya kula.

Chakula cha nyumbani hupatikana kwa kuagiza siku moja kabla. Kumbuka siku za bamvua wanawake wengi wako pwani asubuhi kwenye mwani, kwa hiyo agiza cha saa nane au saa tisa, au weka siku ya maji mafu. Omba mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza, mkate wa kumimina. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Futari ya jioni itakulipa, kwa muhogo na ndizi za nazi, tambi na kaimati. Na mwishoni mwa Julai, kama uko huku, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kienyeji, kwa siku nne, na wenyeji huona ni aibu mgeni kuondoka bila kula.

Kutoka mjini, daladala namba 309 huenda Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje, 310 Makunduchi na 326 Kizimkazi. Vituo vya mjini vimehamishwa mara kadhaa, basi uliza siku hiyo hiyo. Za mwisho kurudi huondoka mapema kuliko mgeni anavyotarajia. Muulize utingo unaposhuka, kabla hujalipa.